Copenhagen siku tatu: moto uko kwenye kiti

Kila nikisema nimewahi kwenda Copenhagen mara mbili kwa pesa zangu mwenyewe, swali la kwanza huwa lile lile: "Na ule ughali wake?" Ughali upo, sibishi, ila wengi hawajui umejificha wapi. Haupo kwenye maji ya kunywa, maana ya bomba yananyweka bila kuchemshwa. Haupo kwenye treni, wala kwenye sehemu kubwa ya vitu vya kuangalia. Upo kwenye kiti. Ukishavuta kiti, ukaletewa menyu, na mtu anayelipwa mshahara wa Denmark akakuuliza utakunywa nini, hapo ndipo mfuko unapotoboka. Anayekula amesimama na kulala padogo anaumudu mji ule.

Mara ya kwanza nilikwenda Desemba, nikiwa nimerogwa na tiketi ya bei poa. Jua lilichomoza saa mbili na nusu asubuhi kama mtoto anayelazimishwa kwenda shule, na saa kumi kasorobo alasiri lilikuwa limeshazama. Nikarudi Juni pamoja na mke wangu. Kumbe ni mji mwingine! Kunakucha saa kumi na nusu alfajiri, na jua linakwenda kulala karibu saa nne usiku. Siku tatu za Juni zina mwanga kushinda sita za Desemba. Kama unachagua, chagua Juni, hata tiketi ikizidi kidogo.

Ya visa nayapitia haraka kwa sababu hayana raha: Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji ya Schengen, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na subira. Fedha yao ni krona. Euro moja ni kama krona 7 na nusu. Kadi inapokelewa kila mahali, mpaka kwenye vibanda vya barabarani. Safari ya pili sikushika noti hata moja.

Sasa malazi. Ushauri wa kawaida ni kulala karibu na Nyhavn, ule mfereji wenye nyumba za rangi rangi unaouona kwenye kila picha ya Copenhagen. Mimi napinga. Nyhavn ilichimbwa miaka ya 1670, Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto, aliishi kwenye nyumba tatu tofauti palepale, na ni pazuri kweli, kwa dakika 20. Baada ya hapo unabaki unalipia mandhari uliyokwisha kuipiga picha. Tangu 2019 kuna metro ya mzunguko, vituo 17, duara zima dakika 24, na treni zinakwenda usiku kucha. Hazina dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa, pale ambapo dereva angekaa, ni cha abiria. Hicho ndicho kiti cha kwanza nilichokikalia bila kuongezewa bei. Ukiwa na usafiri wa namna hiyo, ya nini kung'ang'ania katikati?

Sisi tulilala Nørrebro, na nitalala Nørrebro tena. Ni mtaa wa wahamiaji, wanafunzi na maduka yasiyo na majivuno. Barabara yake kuu, Nørrebrogade, ina wauza mboga wanaotandaza bidhaa nje kama sokoni Ngamiani kwetu Tanga: bamia, maembe, pilipili mbuzi, mabunda ya kotimiri. Nyama halali haitafutwi. Anayetaka kuwa karibu zaidi na stesheni kuu aangalie hosteli na hoteli ndogo za Vesterbro, au zile za Cabinn zilizotengenezwa kwa mfano wa vyumba vya melini: kitanda, meza inayokunjwa, choo cha kugeukia palepale. Wapo wanaolalamika kuwa ni vidogo. Ndugu yangu, umesafiri kilomita elfu kadhaa kwenda kutazama dari?

Mambo mawili ya malazi hakuna aliyeniambia. Kwenye hosteli nyingi za kule shuka si sehemu ya bei ya kitanda, unakodi. Mara ya kwanza niliokolewa na kanga mbili ambazo mama alinisokomezea begini bila kuniuliza. La pili, kwa wanandoa: kitanda ni kimoja lakini mablanketi ni mawili, kila mtu na lake. Mke wangu alidhani mhudumu ametuona tumegombana. Kufika usiku wa tatu alikuwa akiuliza kwa nini sisi hatufanyi hivyo nyumbani.

Tuje kwenye tumbo. Chakula cha kusimama cha Copenhagen ni soseji ya kibandani, pølse, inayouzwa kwenye vigari vyenye kidirisha. Ile nyekundu ndiyo ya asili, inaliwa na mkate, haradali, vitunguu vya kukaangwa na matango ya achari. Ni kama krona 40 hivi, mwiba kwa soseji lakini nafuu kwa mlo. Tahadhari kwa wenzangu wa imani moja: hiyo ni kitimoto, nyama ya nguruwe, tena bila kuficha. Vipo vibanda vyenye soseji za ng'ombe au za mboga; uliza kwanza, Kiingereza wanakijua karibu wote na hawaoni taabu kujibu. Sisi tuliishi kwa shawarma za Nørrebrogade, mkate umejaa mpaka hauzibiki, na hatukujuta.

Asubuhi ni zamu ya mikate, na hapa natoa heshima zangu zote. Ile keki ya tabaka tabaka ambayo dunia nzima inaiita ya Denmark, wenyewe wanaiita wienerbrød, mkate wa Vienna, kwa sababu ufundi wake ulitoka kwa waokaji wa Austria katika karne ya 19. Kuna mwingine wa mdalasini uliovingirishwa, wanauita konokono. Lakini uliotufunga mdomo ni wa hiliki. Hiliki! Mke wangu alinusa kabla hajauma, akasema, "Haya ni mahamri yaliyokwenda shule." Watu wa nchi za Skandinavia wanaipenda hiliki kwenye mikate yao kama sisi wa pwani, na sijui kwa nini hakuna anayelitaja hilo anapotueleza habari za kule. Chukua wako kwenye karatasi, toka nje, kula ukitembea. Jioni kabla maduka hayajafungwa, kuna programu ya simu iitwayo Too Good To Go, ilianzia Copenhagen hukohuko 2015. Unalipia kidogo, unakwenda kuchukua mfuko wa mikate iliyobaki bila kujua kuna nini ndani. Tulipata konokono sita. Ndicho kilichokuwa chakula chetu cha usiku, na cha asubuhi pia.

Torvehallerne, soko la vioo karibu na kituo cha Nørreport, nenda ukatazame samaki na jibini, halafu utoke. Bei zake ni za viti, hata ukiwa umesimama.

Hata hivyo, mara moja, mara moja tu, kaa chini. Zile krona ulizookoa kwa siku mbili zipeleke kwenye smørrebrød ya mchana. Ni kipande cha mkate mweusi mzito, uchachu kidogo, kimepakwa siagi na kupambwa mpaka mkate wenyewe hauonekani. Utaratibu wake ni wa heshima: kisu na uma, usishike kwa mkono, na samaki ndiye anayetangulia. Samaki mwenyewe ni sild, jamaa wa dagaa lakini mkubwa, aliyelazwa kwenye siki na sukari. Mimi mtoto wa Tanga nilimkaribia kwa mashaka, maana sisi samaki tunamjua kwa moto. Kipande cha kwanza nilikila kwa adabu, cha pili kwa hamu. Migahawa ya aina hii mingi ni ya mchana tu, na yenye jina kama Schønnemann, iliyopo tangu 1877, lazima uwe umeweka nafasi mapema. Bakshishi haidaiwi.

Kutembea sasa. Wageni hujazana kwenye boti za watalii pale Nyhavn. Kando yao inapita boti ya manjano ya usafiri wa umma, basi la majini, inayopandwa kwa tiketi ileile ya metro. Inapita maktaba nyeusi inayong'aa, inapita jumba la opera, na ukifika Refshaleøen, kilichokuwa kiwanda cha kuunda meli mpaka 1996, unashuka kwenye soko la vyakula vya mataifa linaloitwa Reffen. Ndani ya boti hiyo mama mmoja wa Kidenmark, mvi tupu, alitugeukia ghafla: "Poleni na baridi, wanangu." Tukabaki midomo wazi. Alijifunza Kiswahili miaka mingi iliyopita Usa River, karibu na Arusha, kwenye kile chuo cha Wadenmark. "Shikamoo, mama," mke wangu akasema. Akaitikia marahaba bila kusita, kisha akatuelekeza wapi tushuke.

Kuna sehemu moja ambayo nataka kila Mwafrika anayekwenda Copenhagen asimame. Ukitoka Nyhavn kwa miguu kufuata gati, kuelekea kwa yule Nguva wa shaba, sanamu ya nusu mtu nusu samaki ambayo kila mtu anaifuata, unapita ghala refu la karne ya 18, Vestindisk Pakhus, ghala la West Indies. Humo ndimo ilimowekwa sukari ya visiwa vya Karibi vilivyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika kwa meli za Denmark. Visiwa vyenyewe Denmark iliviuza kwa Marekani 1917, dola milioni 25. Mwaka 2018 wasanii wawili, Jeannette Ehlers na La Vaughn Belle, walisimamisha mbele ya ghala hilo sanamu ya Mary Thomas, mmoja wa wanawake walioongoza uasi wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa kisiwani St. Croix mwaka 1878, na aliyeletwa kufungwa Copenhagen. Walimwita Malkia Mary. Alikuwa na urefu wa mita saba, mwenge mkono mmoja na panga la miwa mkono wa pili, na amekaa. Kwenye kiti, tena kiti kikubwa cha ukindu chenye mgongo kama mkia wa tausi. Nilimwona Desemba ile ya kwanza, theluji imemkalia mapajani. Dhoruba ilimvunja mwishoni mwa 2020. Niliporudi nilimwonyesha mke wangu pale alipokuwa, tukasimama tukitazama ghala, na makundi ya watalii yakitupita kwenda kwa Nguva.

Nguva mwenyewe ana urefu wa mita 1.25. Amekaa jiweni tangu 1913, na amewahi kukatwa kichwa mara mbili. Nenda ukitaka, mimi nilimtazama kwa muda wa kufunga kamba za viatu.

Kwa kuuona mji kutoka juu, panda mnara wa kasri la Christiansborg, mita 106, bure. Chini yake kuna bunge, mahakama ya juu na ofisi ya waziri mkuu, wote chini ya paa moja. Kama jina Christiansborg umelisikia mahali pengine, hukukosea: ndilo jina la ngome ya Osu kule Accra, waliyoishika Wadenmark hadi walipowauzia Waingereza 1850. Mnara wa pili, Rundetårn wa 1642, unalipia, lakini nauona una thamani kwa sababu hauna ngazi isipokuwa kule kileleni. Ni njia pana inayozunguka ndani kwa ndani kama kombe la konokono, na mwaka 1716 mfalme Peter wa Urusi aliipanda akiwa juu ya farasi.

Tivoli, bustani ya michezo iliyofunguliwa 1843, nenda jioni taa zikiwaka, na ujue kiingilio ni kimoja na michezo inalipiwa mbali. Malmö ng'ambo ya daraja, upande wa Sweden, iache. Siku tatu hazitoshi. Wakenya wataniuliza habari za nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyewahi kuishi Kenya, kule Rungsted, kama nusu saa kwa treni. Bustani yake ni ya bure, ina ndege wengi, na kaburi lake liko chini ya mti. Kama mtaa wa Karen pale Nairobi unaupita kila siku ukienda kazini, uamuzi ni wako.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusimama kwenye njia ya baiskeli nikitafuta mtandao. Nilipigiwa kengele na watu watatu, na wa nne akanipa maneno ambayo sikuhitaji mkalimani. Njia ile si ya miguu hata kwa dakika moja.

Kiogeo cha bandarini cha Islands Brygge ni bure. Mimi niliyejifunza kuogelea Raskazone nilijirusha kwa kiburi, nikatoka kwa spidi ambayo sikujua ninayo.

Na viti vya bure vipo. Jioni ya mwisho tulikaa Dronning Louises Bro, daraja la kutoka katikati ya mji kwenda Nørrebro, juu ya maziwa. Upande unaopigwa na jua watu hukaa kwenye mabenchi na ukingoni, mamia, kila mmoja na kopo lake la dukani, muziki mdogo, baiskeli zikipita bila kukoma. Saa tatu na nusu usiku na bado mwanga wa kusomea gazeti. Mzee mmoja mwenye mifuko miwili mikubwa alikuwa akikusanya makopo matupu, maana kila kopo lina amana, krona moja na kuendelea, unalipwa ukirudisha kwenye mashine dukani. Alisimama mbele yetu akionyesha soda ya mke wangu, iliyobaki robo. Mke wangu akamwonyesha nafasi pembeni yake. Mzee akakaa, akaweka mifuko chini, akasubiri soda iishe.