Uraibu wa kununua: ugonjwa au israfu tu?

Mei 1875, jopo la raia katika mahakama ya Chicago liliamua kwamba Mary Todd Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln, hana akili timamu. Aliyempeleka mahakamani ni mwanawe, na miongoni mwa ushahidi ulikuwa manunuzi yake ya vitu asivyovihitaji. Mwaka uliofuata mahakama ikatamka kwamba akili zimemrejea, akarudishiwa mamlaka juu ya mali yake. Alikuwa mgonjwa, au mjane aliyetumia fedha zake kwa namna iliyomkera mwanawe?

Wataalamu nao hawajaafikiana. Emil Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, aliuhesabu ununuzi wa kushindwa kujizuia kuwa maradhi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 uliiingiza kamari kwenye kundi la uraibu na kuuacha ununuzi nje. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inautaja kama mfano tu wa matatizo ya kushindwa kujizuia.

Wanaokataa kuuita ugonjwa wana hoja. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulikadiria kwamba karibu watu wazima 6 katika kila 100 wana tatizo hili, wanaume na wanawake wakikaribiana sana (ule mzaha kuhusu wanawake na maduka haupati ushahidi hapo). Wengi kiasi hicho ni wagonjwa, au biashara imefanikiwa kufanya kile ilichokusudia? Duka la mtandaoni huhifadhi namba ya kadi yako, hukutisha kwamba imebaki moja tu, kisha hukuambia utalipa baadaye. Ukimwita mnunuzi mgonjwa, muuzaji na mkopeshaji wananawa mikono.

Hata hivyo, mbadhirifu na mraibu hawafanani. Mbadhirifu hufurahia alichonunua. Raha ya mraibu iko kwenye kutafuta, kuchagua na kulipa, na mara nyingi huyeyuka pale pale. Nguo hubaki na lebo zake kabatini, mizigo hufichwa isionekane na mwenzi wake, kisha majuto yanamrudisha dukani kujipoza.

Kwangu mimi, ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mitetemo na ugumu wa kujongea. Baadhi ya dawa zao huiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mwendo na hamu, na wapo watu ambao hawakuwahi kuwa wafujaji walioanza kununua au kucheza kamari bila breki baada ya kuzitumia. Dozi ikipunguzwa, mara nyingi hamu hiyo hupungua. Hii haithibitishi kwamba kila mwenye madeni ana hitilafu ubongoni, ila inamnyima hoja anayesema yote ni ukosefu wa nidhamu.

Upande wa tiba, dawa za sonona zilileta matumaini mwanzoni, lakini zilipolinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani yake matokeo yakawa ya kusuasua. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mienendo, hasa katika vikundi, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Ugumu wake ni kwamba mlevi anaweza kuiacha pombe kabisa, ilhali huyu kesho lazima anunue sabuni.

Ndiyo maana naona lebo ya ugonjwa inafaa, mradi isiishie kwa daktari. Uingereza, mcheza kamari akijiandikisha mara moja, kampuni zote za kamari za mtandaoni zenye leseni hulazimika kumfungia. Mnunuzi hana mlango kama huo, na haiwezekani kuyaambia maduka yote yamkatae. Mkopo ndio unaoweza kufungwa: mtu aruhusiwe kuomba mwenyewe, angali na utulivu, kwamba asikopeshwe tena kwa manunuzi, na mkopeshaji atakayekaidi asiwe na haki ya kudai deni hilo.