Ng'ombe wa Babu Yake Wana Idadi, Bibi Yangu Hana Jina

Pale ninapofanya kazi, nyumba ya wazee nje kidogo ya Bergen, kuna bibi wa miaka 91 ambaye ukimpelekea chai tu keshakushika mkono akuonyeshe ukuta wake. Ana karatasi kubwa kwenye fremu, imejaa majina, mistari na miaka. Juzi akaweka kidole kwenye jina moja. "Huyu ni babu yake babu yangu. Mwaka 1865 alikuwa na ng'ombe wanne na kondoo tisa." Nikadhani ni hadithi za uzee. Kumbe sensa ya Norway ya mwaka ule iliandika watu, walikozaliwa, mifugo yao na hata mbegu walizopanda, na yote yapo kwenye intaneti, bure, unasoma ukiwa kwenye basi.

Halafu akaniuliza, "Na wewe?"

Nilianza vizuri. Baba. Babu, mvuvi wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake babu, namjua jina na alikozikwa. Mama yake babu... nikakwama. Mwanamke aliyemzaa babu yangu simjui jina! Nilimaliza zamu nimenuna, kurudi nyumbani nikapitiliza kituo.

Najua mmeshaanza. "Kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha ukoo." Ngojeni kwanza. Sijasema hawa wanawajua ndugu zao kuliko sisi. Huyu bibi ana wahenga tangu miaka ya 1700 ukutani, lakini mtoto wa dada yake anayekaa mtaa wa pili hajui ana watoto wangapi. Na kwa lugha hawatuwezi. Sisi tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Wao wakivuka kitukuu wanaongeza "tipp" mbele ya neno, kisha "tipp" nyingine, kama mtu mwenye kigugumizi.

Na babu alikuwa na tarehe yake. Ukimuuliza umri anakwambia, "Nimezaliwa mwaka ile meli ilipotolewa majini." Watu wa mwisho wa reli, Kigoma, hamhitaji kuambiwa ni meli gani. Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ndiyo Liemba hiyo. Cheti gani kinazidi hapo? Lakini alipokwenda kuandikishwa, karani hakutaka mambo ya meli, akamwandikia 1930. Nadhani ilikuwa rahisi kuandika.

Nikapakua programu ya kuchora nasaba. Kitu cha kwanza ikataka jina la ukoo. Jina langu la mwisho ni la babu, la baba ni la babu yake, la babu ni la mtu mwingine kabisa. Ikatugawa familia tatu, kisha ikaniuliza kama nina uhakika. Nilitukana peke yangu jikoni. Kesho yake yule bibi akanichekesha: kwao wenyewe sheria ya kila familia kuwa na jina moja la kudumu ni ya 1923. Kabla ya hapo mtoto wa Ole alikuwa Olsen, na mtoto wa Olsen akaitwa vingine. Miaka mia tu hii! Na ofisini bado wananitazama kama nimeghushi pasipoti.

Basi nikapiga simu miezi mitatu, nauliza huyu, nauliza yule. Nikachora, nikatuma kwenye kundi la ukoo Ijumaa alfajiri. Kisanduku cha mama yake babu nilikiandika hivi: "Jina? Alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Alikujaje Ujiji?"

Maneno manane. Ba'mdogo alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nani kanituma? Kwa nini sasa, wakati kiwanja cha Kasingirima hakijagawiwa? Mwanamke aliyeolewa huko kwenye barafu anatafuta nini kwenye ukoo? Binamu mmoja akaandika, "Dada, umekuwa Mzungu kweli." Shangazi hakusema kitu, alitoka tu kwenye kundi. Saa mbili baadaye orodha ya michango ya harusi ikafunika yote.

Si mjinga, najua kosa ni lile swali la mwisho. Ujiji hakuna asiyejua watu wa Manyema, huko Kongo, walivukaje ziwa zama zile. Wengine walikuja kwa hiari yao, wengine watumwa, na pembe za ndovu begani. Pembe zilipimwa kwa frasila, zikaandikwa. Waliozibeba hawakuandikwa. Tippu Tip, yule tajiri wa pembe na watumwa, tunamjua kwa majina manne mfululizo, Hamed bin Muhammad bin Juma bin Rajab, yaani mpaka baba wa babu yake, pale pale nilipokwama mimi. Karatasi za watu wetu zilikuja baadaye: Mjerumani akatoa hati za kuachwa huru, akatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 1905 ni huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Mwingereza, 1922. Babu kazaliwa 1924. Hesabu fanyeni wenyewe.

Shangazi, nakusikia hata ukinyamaza. "Wewe uko mbali. Siku ya posa ya mwanangu hutaulizwa wewe hawa ni watu wa wapi." Kweli, sitaulizwa, na hilo linanichoma kuliko ile sauti ya ba'mdogo. Lakini nikwambie jambo. Kwenye ukuta wa yule bibi, nyanya yake mwenyewe kaandikwa na mchungaji kwamba kazaliwa nje ya ndoa. Vitabu vya kanisa vilikuwa na mahali maalumu pa kuandika hivyo. Kamtundika hivyo hivyo, na akifika kwake ndipo anapocheka zaidi. Tena wasidhaniwe hawana stara: majina ya sensa yanafungiwa miaka mia, ya 1920 wameyafungua 2020, wenyewe karibu wote wameshazikwa. Haya, na sisi tuhesabu. Tangu 1922 mia imeshapita.

Kiwanja cha Kasingirima gawaneni, hata kipande cha choo sikitaki, nitasaini popote mnapotaka. Kile kisanduku nimeshafuta swali, nimeacha "Jina?" peke yake. Shangazi, kama hutaki kuandika, usiandike. Piga usiku, watoto wakilala. Kiangazi hiki tuko nyuma yenu saa moja tu, nitakuwa macho.