Uvimbe wa adrenali kwa mbwa: kidonge au kisu?

Mbwa anamaliza ndoo ya maji, anakojoa usiku kucha, tumbo limening'inia, manyoya yanapukutika ubavuni. Huku kwetu Mtwara na Lindi lawama huangukia joto au uzee. Pimeni maji anayokunywa kwa siku: mbwa wa kilo 20 akipita lita 2 kwa siku, hilo si joto la Mikindani. Huenda kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo karibu na figo, imezidi.

Kabla ya kubishania tiba, ulizeni kwanza habari za sindano. Mbwa aliyechomwa deksamethasoni (dawa ya steroidi, inayofanya kazi kama kotisoli) mara kwa mara kwa ajili ya muwasho huonyesha dalili hizo hizo, ila kwenye ultrasaundi tezi zake za adrenali huwa zimesinyaa. Huyo anahitaji kupunguziwa steroidi polepole. Steroidi zikisimamishwa ghafla anaweza kuzimia.

Kwa mbwa ambao kotisoli imezidi bila kusababishwa na dawa, uvimbe wa adrenali ndio chanzo kwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Waliobaki shida iko kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo inayoziamuru adrenali, na adrenali zote mbili hutanuka. Kuna pia uvimbe wa feokromositoma, unaomwaga adrenalini na kupandisha presha. Trilostani, dawa ya kushusha kotisoli, haiutibu kabisa, ndiyo maana kuanza vidonge kabla ya kujua aina ya uvimbe ni kosa kubwa.

Kwa maoni yangu, uvimbe wa upande mmoja usioingia kwenye mshipa mkuu wa damu wala kusambaa, kwa mbwa mwenye nguvu zake, utolewe kwa kisu. Ndiyo njia pekee ya kuuondoa. Lakini si upasuaji wa meza yoyote. Adrenali ya kulia imegandamana na mshipa huo. Mshipa ukichanika, mbwa anaweza kuishiwa damu ndani ya dakika chache. Mwenye feokromositoma apewe fenoksibenzamini, dawa ya kushusha presha, wiki 2 hadi 3 kabla, la sivyo presha inaruka mara tezi inapoguswa. Na uvimbe wa kotisoli ukishatolewa, tezi iliyobaki bado imelala: steroidi zianze siku ile ile ya upasuaji, kisha prednisoloni (steroidi ya vidonge) ipunguzwe taratibu kwa wiki au miezi. Damu kuganda mapafuni ni hatari nyingine, hasa siku 3 za kwanza. Basi kabla ya kumsafirisha mbwa Dar es Salaam au Morogoro, pigeni simu muulize: kuna ultrasaundi, damu ya kuongeza, na mtu wa kukesha naye?

Vidonge navitetea kwa mbwa mzee wa miaka 13, au uvimbe uliokwishaingia mshipani. Trilostani haiondoi uvimbe, inazuia tezi kutengeneza kotisoli. Huanzia takribani miligramu 1 kwa kilo, asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi vizuri. Kapsuli isifunguliwe, na mwanamke mjamzito asiiguse. Siku ya 10 hadi 14 kotisoli ipimwe kwa sindano ya ACTH (homoni inayoamsha adrenali), saa 4 hadi 6 baada ya dozi. Hapo ndipo wengi wanapokwama: pesa ya dawa ipo, ya kipimo haipo. Dozi ikizidi, kotisoli inashuka mno, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama. Akikataa chakula, akitapika au akilegea, msimpe dozi inayofuata. Afike kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.