Wa kwanza kuvuliwa usimamizi ni mwenye kompyuta

Nyumba nyingi zina kompyuta moja na akaunti moja. Aliyeiwasha mara ya kwanza alijaza jina lake, Windows ikamfanya msimamizi (Administrator), mwenye mamlaka ya kubadilisha chochote, na tangu hapo nyumba nzima inaingia kwa jina hilo: mama na mahesabu ya duka, mtoto wa kidato cha pili na kazi za shule, mdogo wake na magemu. Siku folda ya risiti ikitoweka, watu wanatazamana. Kompyuta nayo haina la kusema, maana tangu inunuliwe imemwona mtu mmoja tu.

Wakiamua kurekebisha, wengi huanza na watoto: wafunguliwe akaunti zao, wabanwe, basi. Naona huko ni kuanzia mkiani. Wa kwanza kuvuliwa usimamizi awe mwenye kompyuta, tena ajivue mwenyewe. Programu yoyote hupata nguvu za aliyeifungua. Msimamizi akifungua kiambatisho kibovu, kizuizi kinachobaki ni lile dirisha la kuuliza kama unakubali, na watu hulijibu "Yes" kabla hawajalisoma. Kwenye akaunti ya kawaida dirisha hilo hilo hudai nywila ya msimamizi. Faida haiishii hapo. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia havihitaji usimamizi ili kuharibu faili za aliyevifungua, lakini kwa nguvu za akaunti ya kawaida haviwezi kuingia kwenye nyaraka za wengine.

Utaratibu wake ni mfupi, ila mpangilio wa hatua usiruke. Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users (kwenye Windows 10 ni Family & other users). Ongeza akaunti mpya. Ukiulizwa barua pepe chagua "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Iite fundi, au jina lingine lisilo la mtu. Weka nywila na yale maswali matatu ya usalama. Baada ya hapo bofya "Change account type" uifanye Administrator. Sasa toka, ingia kama fundi, hakikisha nywila inakubali, na ukiwa humo humo ishushe akaunti yako ya siku zote iwe Standard User. Kushusha daraja hakugusi faili, picha wala programu zako. Kosa la hatari ni kuifuta akaunti ya zamani ukidhani unasafisha: kitufe cha "Delete account and data" kinaondoka na Desktop, Documents na Pictures za akaunti hiyo, wala havipitii kwenye pipa la taka. Nywila ya fundi iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati za nyumba. Akaunti hiyo utaihitaji mara chache, na kitu kinachotumika mara chache husahaulika.

Kila mtu akishapata akaunti yake, faragha inakuja bure. Folda ya mtu ndani ya C:\Users inafunguka kwa mwenyewe, kwa mfumo na kwa wasimamizi tu. Hapo kuna mtego mmoja: msimamizi akijaribu kuingia kwenye folda ya mwingine, Windows humwambia hana ruhusa, kisha humpa kitufe cha "Continue". Akikibofya, jina lake linaandikwa kwenye orodha ya ruhusa za folda ile na linabaki humo hata baada ya kuifunga. Anayedhani amechungulia mara moja amejipa ufunguo wa kudumu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoishi ndani ya akaunti ya usimamizi.

Kazi ngumu zaidi ni folda ya pamoja. Watu huigawa kwa majina: Asha aandike, Juma asome, shangazi akija naye aongezwe. Baada ya mwaka hakuna anayekumbuka nani yuko wapi. Ruhusa ipewe kikundi, na watu waingizwe kwenye kikundi. Windows toleo la Home halina dirisha la kusimamia vikundi, na wengi huhitimisha kwamba vikundi vyenyewe havimo. Vimo. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika kwanza net user uone majina ya akaunti kama kompyuta inavyoyajua, kwa sababu aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi jina lake la ndani ni herufi tano za mwanzo za barua pepe yake. Kisha:

net localgroup Familia /add
net localgroup Familia asha /add
net localgroup Familia juma /add

Hapa wengi hukwama. Wanamwongeza mtu kwenye kikundi, anajaribu folda, anakataliwa, nao wanaanza kubadilisha ruhusa ovyo. Kompyuta husoma orodha ya vikundi vya mtu pale anapoingia. Asha atoke kabisa na aingie upya. Kufunga skrini hakutoshi.

Tuseme folda yenyewe ni D:\Familia. Kwa kawaida folda mpya kwenye diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, huruhusu kila mwenye akaunti kuandika na kufuta, kwa hiyo kwanza kata ruhusa inazorithi kutoka juu, ndipo utoe zako kwa icacls, amri ya kupanga ruhusa:

icacls D:\Familia /inheritance:r /grant Administrators:(OI)(CI)F SYSTEM:(OI)(CI)F Familia:(OI)(CI)M

Amri hii iandikwe kwenye Command Prompt. Windows 11 hupenda kufungua PowerShell, dirisha lingine la amri, na PowerShell huyaelewa mabano kivingine, kwa hiyo italalamika. OI hufanya ruhusa ishuke kwenye faili, CI ishuke kwenye folda za ndani. Ukizisahau, ruhusa itaishia mlangoni. F ni mamlaka yote, M ni kusoma, kuandika na kufuta, RX ni kusoma na kuendesha tu. Familia wapewe M. Mwenye F anaweza pia kubadilisha ruhusa zenyewe, na hilo mtoto hana haja nalo. Kama folda ilishakuwa na vitu ndani, malizia kwa icacls D:\Familia\* /reset /T /C ili vyote virithi upya.

Mahesabu ya duka yawekwe kwenye D:\Mahesabu, kando ya Familia, yasiwe ndani yake. Nayo ifungwe kwa amri ile ile ya icacls, ila mahali pa kikundi cha Familia iandikwe akaunti ya mama. Folda iliyofungwa ndani ya folda iliyo wazi inawezekana kitaalamu, lakini ndiyo inayozaa maswali kila wiki.

Sasa safu ya Deny, yaani katazo, iliyo kwenye kichupo cha Security ndani ya Properties za folda. Ninashauri isiguswe kabisa nyumbani. Mzazi anataka watoto wasifungue folda, anachagua kikundi cha Users, anaweka Deny. Dakika hiyo hiyo naye amejifungia nje, kwa kuwa kila anayeingia kwenye kompyuta, msimamizi akiwemo, huhesabiwa ndani ya Users, na katazo lililoandikwa moja kwa moja kwenye folda huishinda ruhusa. Usiyetaka aingie, usimwandike tu. Asiyetajwa hana ruhusa.

Malalamiko mengine yanayojirudia ni haya: faili ya Asha ipo ndani ya folda ya pamoja, Juma analiona jina la faili lakini haifunguki. Mara nyingi Asha aliihamisha kutoka folda nyingine ya diski hiyo hiyo badala ya kuinakili. Faili iliyonakiliwa huzaliwa upya na kurithi ruhusa za mahali ilipofikia, ilhali iliyohamishwa ndani ya diski moja inaweza kuja na ruhusa zake za zamani. Ile amri ya /reset huitibu.

Na ukiona kwenye kichupo cha Security, badala ya jina, mkufu wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21, ujue kuna akaunti iliyofutwa. Windows haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba hiyo, na namba haitolewi mara mbili. Ukimfuta Juma leo na kumfungua tena kesho kwa jina lile lile, huyo ni Juma mwingine, na folda za zamani hazimjui. Hali hiyo hiyo hutokea Windows ikisakinishwa upya huku diski ya D ikiachwa: tumia takeown /F D:\Familia /R /D Y uichukue umiliki, unda kikundi upya, kisha rudia ile icacls.

Wanaotumia Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows, wana njia fupi zaidi. sudo groupadd familia, kisha sudo usermod -aG familia asha. Hiyo a ndogo usiiache. Bila yake mtu hutolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote vya ziada, na akiwa ndiye msimamizi hupoteza sudo, yaani nguvu za msimamizi. Folda ikabidhiwe kikundi kwa sudo chgrp familia, halafu sudo chmod 2770, kila amri ikimalizika kwa jina la folda. Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili mpya iwe ya kikundi badala ya kubaki ya aliyeiunda peke yake.

Mipaka ya haya yote ijulikane. Flashi nyingi huja zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na huko hakuna ruhusa za aina hii, hata kichupo cha Security hakionekani. Kilichonakiliwa humo ni cha yeyote atakayeishika. Vilevile ruhusa hulindwa na mfumo unaoendesha kompyuta. Mwizi akichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake, anasoma kila kitu kama hakukuwa na kufuli. Dawa ya hapo ni kusimba diski nzima (isisomeke bila ufunguo) kwa BitLocker au Device encryption, kama toleo lako la Windows linayo, na ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 uwekwe mbali na kompyuta yenyewe.

Kabla hujaondoka kwenye akaunti ya fundi, hifadhi ruhusa zilivyo: icacls D:\Familia /save C:\ruhusa.txt /T. Siku zikivurugika utazirudisha kwa icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt, na angalia kwamba hapo inatajwa D:\ peke yake, bila Familia. Kisha ingia kama Asha: andika faili ndani ya Familia, jaribu kufungua Mahesabu, toka. Ingia kama Juma, ibadilishe faili ya Asha na uihifadhi. Mahesabu ikikataa na faili ikikubali, kazi imekamilika.