Deshi kumi zilizonivua nguo

Naandika haraka kabla simulizi ya yule rafiki yangu haijafika mbali zaidi. Najua imeshafika, maana tangu asubuhi watu wananitumia vikatuni vya kufuli, na mmoja kanitumia picha ya mnyororo wa baiskeli bila neno lolote. Basi tuwekane sawa. Yeye anadai niliangusha seva kwa kubonyeza enta mara moja, kisha nikalia. Uongo mtupu. Nilibonyeza mara mbili. Na sikulia, macho yaliniwasha kwa mwanga wa skrini.

Jana ilikuwa siku ya kubadilisha cheti cha tovuti ya mteja. Kazi ya dakika tano. Nina skripti niliyoiandika miaka mitatu iliyopita: inachukua cheti kipya, inakibandika juu ya cheti cha kati, inampa Nginx, ile programu ya seva inayohudumia tovuti, faili moja, tunalala. Kwenye mstari unaotaja faili la cheti cha kati kuna maelezo niliyoandika mwenyewe kwa herufi kubwa: USIGUSE, INAFANYA KAZI. Sikugusa. Mimi ni mtu wa kutii maagizo, hasa yakiwa yangu.

Kwa ambao si wa fani (wa fani rukeni, mnajua tayari nilipokwama), mambo yako hivi. Cheti ni kitambulisho cha kidijitali cha tovuti. Kivinjari au simu haikijui cheti cha tovuti yako. Inamjua babu tu, yaani cheti mzizi kilichokuja nacho kifaa. Tovuti yako ni mjukuu. Ili mjukuu apokelewe, lazima aje na baba yake, ambaye ndiye cheti cha kati: baba aoneshe kwamba amemsaini mtoto, na babu awe amemsaini baba. Seva ndiyo yenye kazi ya kuwaleta hao wawili pamoja. Babu haji, yuko nyumbani anasubiri.

Sasa watoa vyeti hubadilisha baba. Wala si siri. Let's Encrypt, kwa mfano, Juni 2024 waliacha kusaini kwa baba aitwaye R3 wakahamia R10 na R11, tena wakawa wanachagua kati ya hao wawili kwa kubahatisha, makusudi kabisa, ili watu kama mimi wasimzoee mmoja na kumwandika kwenye skripti kwa herufi kubwa. Mtoa vyeti wetu naye alikuwa amebadilisha. Barua pepe alituma. Niliiona. Niliiwekea nyota ili niisome baadaye.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi nilimchukua mtoto mpya nikambambikia baba wa zamani, nikawatuma mlangoni wameshikana mikono.

Nikafungua tovuti kwenye laptopu yangu. Ikafunguka vizuri. Nikaandika kwenye kundi la kazi: “Cheti kipya kimekaa. Mteja alale usingizi.” Nikaongeza na kile kikatuni cha misuli. Naomba mkikumbuke kikatuni hicho, kwa sababu bosi hajakisahau.

Haikupita nusu saa, malalamiko yakaanza. Tovuti haina neno, ila programu yake ya simu inasema: “Tafadhali angalia intaneti yako.” Ujumbe huo niliuandika mimi. Programu ile haina ujumbe mwingine wa kosa. Nyumba ikiungua itakwambia angalia intaneti yako. Na mimi, mwandishi wa ujumbe, nikaja kuuamini.

Nilijibu watu 17. Wa kwanza nikamwambia anunue bando. Wa pili azime simu na kuiwasha. Wa tatu nikamwambia arekebishe saa ya simu, ushauri ambao una ukweli ndani yake, kwani saa ikiwa mbele sana cheti huonekana kimekwisha muda, ikiwa nyuma sana huonekana muda wake haujaanza, ila saa yake ilikuwa sawasawa kuliko yangu. Wa tisa ndiye nikamtolea mhadhara: nikamkumbusha 30 Septemba 2021, siku muda wa babu mmoja mashuhuri, cheti mzizi DST Root CA X3, ulipokwisha na vifaa vingi vya zamani vikaanza kuzikataa tovuti zenye vyeti halali. “Simu yako itakuwa ya enzi hizo,” nikamwambia. Akanijibu kwamba ameinunua mwezi uliopita. Nikamwambia ajaribu kufuta keshi.

Mtauliza, kwenye laptopu ilifungukaje? Hapo ndipo nilipochezewa. Ndani ya cheti huandikwa anwani ya kumpata aliyekisaini. Chrome ikikuta baba si mwenyewe, huenda yenyewe kwenye anwani hiyo ikamchukua baba halisi, ikaendelea kimya kimya bila kukuaibisha. Firefox nayo tangu 2020 huwa imeshapakua vyeti vya kati mapema. Wana adabu hao. Programu ya Android haina adabu hiyo. Ukiiletea baba asiyefanana na mtoto inafunga mlango, na yetu inamalizia kwa kuisingizia intaneti yako.

Saa nane mchana tukawa na kikao cha mtandaoni na mteja. Watu 23. Hapa naenda polepole, maana ndipo rafiki yangu anapopotosha.

Mteja ni mama mmoja mpole sana, wa aina ile ambayo upole wake unakutisha. Akasema, “Mwanangu, wateja wangu wanasema haifunguki.” Nikasema, “Mama, ngoja nikuoneshe kwa macho yako.” Nikashea skrini. Nikafungua tovuti, ikaja inang’aa. Nikazungusha mshale pembeni ya anwani nikasema, “Mnaona kufuli?” Hakukuwa na kufuli. Chrome waliliondoa mwaka 2023 kwa sababu watu walilidhania ni hakikisho kwamba tovuti ni ya waaminifu, wakaweka kialama kama cha mipangilio. Lakini watu 23 wakaitikia “ndiyo”, na mimi nikavimba kichwa.

Ndipo kijana wetu wa mafunzo, ana wiki ya tatu tu, akabandika kitu kwenye kisanduku cha ujumbe. Alikuwa ameiuliza seva kwa openssl, chombo cha kukagulia vyeti. Mwishoni palikuwa na kosa namba 21, lile la kusema cheti cha kwanza kimeshindwa kuthibitishwa. Na chini yake akaandika, kwa heshima zote: “Samahani kaka, huyu mtoto na huyu baba hawafanani.”

Mfano wa mtoto na baba nilimfundisha mimi. Wiki ya kwanza. Kwa mbwembwe.

Nikasoma. Mtoto anasema kasainiwa na fulani. Baba aliyesimama pembeni yake ana jina jingine kabisa. Nikahisi masikio yanapata moto. Mtu mwenye akili angesema, “Asante, tutarekebisha baada ya kikao.” Mimi nikasema, “Dakika moja tu,” na skrini nikaiacha inaonekana.

Nikapakua cheti kipya cha kati. Vidole vinatetemeka, lakini mdomo unatangaza kama wa mtangazaji wa mpira: “Sasa naunganisha faili mbili, ni jambo dogo.” Skripti sikuitumia, nilikuwa nimeikasirikia. Nikaunganisha kwa mkono, cheti cha tovuti juu, cha kati chini, kama sheria inavyotaka. Kumbe skripti ilikuwa inaingiza mstari mtupu katikati ya vyeti viwili, na kwa miaka mitatu niliuona ule mstari kuwa ni pambo.

Cheti cha namna hii hufungwa kwa deshi tano (vile vistari vya -), maneno END CERTIFICATE, na deshi tano nyingine. Kinachofuata nacho huanza kwa deshi tano. Faili langu la kwanza nililibandika kwenye kihariri bila kubonyeza enta mwishoni. Kwa hiyo mwisho wa mtoto na mwanzo wa baba vikagandana kwenye mstari mmoja: deshi kumi mfululizo, kama reli.

Ningeandika nginx -t, amri ya kukagua kabla ya kuwasha, ingeniambia papo hapo kwamba faili halisomeki. Ningeomba ipakie upya tu, Nginx ingeyakataa mabadiliko na kuendelea na yale ya zamani, na nusu ya dunia ingebaki inahudumiwa. Mimi nikaandika amri ya kuizima na kuiwasha. Enta ya kwanza. Ikazimika vizuri sana. Kuwaka ikakataa. Nikaona maandishi mekundu, na kwa sababu ambayo sitaweza kuieleza hata mbele ya hakimu, nikarudia amri ileile. Enta ya pili.

Kisha nikahamia kwenye kivinjari, mbele ya watu 23, nikabonyeza kupakia upya.

Kilikuja kile kikaratasi cha kijivu chenye uso wa huzuni.

Kimya. Mtu mmoja hakuwa amezima kipaza sauti, tukasikia anavuta pumzi. Nikabonyeza tena. Kikaratasi kikanitazama. Mama akasema kwa sauti ileile ya upole, “Sasa hata kwako haifunguki, mwanangu.” Nikafungua kinywa, na naapa hili ndilo lililotoka: “Mama, hebu angalia intaneti yako.”

Rafiki yangu alikuwa kwenye kikao. Alizima kamera hapohapo. Sasa najua kwa nini.

Bosi akaandika kwamba na tovuti yake binafsi imeanguka. Ndiyo, ilikuwa kwenye seva ileile, pamoja na nyingine tano ambazo hazikuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa jirani zangu. Kijana wa mafunzo akaandika, “Kaka, hesabu deshi.” Nikahesabu. Nikaweka enta mahali pake, nikakagua kwanza safari hii, nikawasha, zikarudi zote. Dakika nne kwa saa ya bosi, miaka sita kwa saa yangu.

Mengine hayana utamu. Niliomba radhi kwa mama, kwa bosi, kisha kwa wale 17 mmoja mmoja. Wa simu mpya bado hajanijibu. Kijana ameifuta skripti yangu na sasa tunachukua mnyororo mzima kama mtoa vyeti anavyoutoa, baba na mtoto pamoja. Bosi ameuliza mambo haya huja mara ngapi, nikamwambia kuanzia 15 Machi 2029 hakuna cheti cha aina hii kitakachoruhusiwa kutolewa kwa zaidi ya siku 47. Akamtazama kijana, si mimi.

Jioni mteja mmoja akaandika tena: programu inamwambia aangalie intaneti yake. Nilitoka jasho. Nilikagua mnyororo mara tatu, nikahesabu deshi kwa kidole kwenye skrini, nikamwamsha kijana wa watu naye akague. Kila kitu kilikuwa sawa. Saa nzima baadaye yule mteja akaandika kwamba tusihangaike, alikuwa ameishiwa bando.