Slingi mbovu ikatwe leo, isirudi stoo

Nikifika mahali ambapo kreni inanyanyua mizigo, kitu cha kwanza kukitazama ni kasha la slingi, yaani mikanda, waya na minyororo ya kufungia mzigo kwenye kulabu. Kreni ina cheti, ina opereta aliyesomea, ina mkaguzi wake. Slingi zimelundikwa kwenye kasha, zimelowa, nyingine zimeshikana na zege iliyokauka. Na mzigo wote, uwe wa tani 1 au tani 10, unaning'inia kwenye hizohizo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi wa riga, yaani fundi wa kufunga mizigo ya kreni, kwenye karakana moja kubwa. Asubuhi moja tulikuwa tunashusha mabimu ya chuma kutoka kwenye trela. Nikawa nachambua slingi, napitisha kiganja ukingoni mwa mkanda wa njano. (Katika mfumo wa rangi unaotumika nchi nyingi, njano ni tani 3, kijani tani 2, zambarau tani 1.) Kidole gumba kikazama. Mkato ulikuwa mdogo, haufiki upana wa ukucha, lakini safi kama wa wembe, na nyuzi za pembeni zilikuwa zimeanza kuchomoza kama manyoya. Nikampelekea riga mkuu.

"Mzee, hii imekwisha."

Akaigeuza, akaitazama, akakubali. Halafu akasema, "Weka pembeni, itatufaa kwa kazi ndogondogo."

Nikaiweka pembeni. Wiki mbili baadaye watu wa zamu ya usiku, ambao siku ile hawakuwapo, waliikuta wakainyanyulia mota. Mkanda ulikatika mota ikiwa kama mita moja juu ya sakafu. Sakafu ilipasuka, na mwenzetu mmoja akavunjika kifundo cha mguu akiruka kukwepa. Aliyeuweka pembeni ule mkanda ni mimi. Hadi leo nikishika mkanda wa njano namkumbuka mwenzetu yule.

Ndiyo maana nasema hakuna slingi ya kazi ndogondogo. Ikishakataliwa, ikatwe siku hiyohiyo, tena mbele ya watu wote.

Wapo wanaonibishia kwa hesabu. Wanasema mkanda wa poliesta hutengenezwa uweze kubeba hadi mara 5 au hata mara 7 ya kilichoandikwa kwenye lebo, waya wa chuma mara 5, mnyororo mara 4, kwa hiyo mkato mdogo utadhuru nini? Ni kweli, akiba hiyo ipo. Lakini imeshatengewa kazi yake: mshtuko opereta anaponyanyua kwa kishindo, jua linalodhoofisha nyuzi, mchanga uliopenya ndani na kuzisaga bila mtu kuuona. Fundo moja tu laweza kula karibu nusu ya nguvu ya mkanda. Anayeihesabu akiba ile kuwa ruhusa anatumia kitu ambacho huenda kimeshatumika.

Kisha kuna pembe, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika, hata wenye miaka mingi kazini. Chukua mzigo wa tani 2 na slingi mbili. Zikisimama wima, kila moja inabeba tani 1. Zilaze hadi nyuzi (digrii) 60 kutoka usawa wa mzigo, kila moja inavutwa kwa tani 1.15. Nyuzi 45, tani 1.41. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inavutwa kwa tani 2 kamili, yaani kila slingi peke yake inavutwa sawa na uzito wa mzigo mzima. Mzigo ni uleule, kreni ni ileile, na opereta akitazama kipimo chake anaona tani 2 tu. Anayejua kilichobadilika ni yule aliyefunga, kwa kutazama pembe. Kama slingi ni fupi, tafuta ndefu, au weka bimu ya kunyanyulia. Usizilaze zaidi kwa sababu kazi imechelewa.

Tarehe 15 Machi 2008, Manhattan, New York, mafundi walikuwa wanaongeza urefu wa kreni ya mnara kando ya jengo. Kola ya chuma (pete ya kuushikiza mnara kwenye jengo) ya zaidi ya tani 5 ilikuwa imening'inizwa kwa mikanda ya poliesta. Mikanda ikakatika, kola ikaporomoka na kuigonga kola nyingine ya chini iliyoushikiza mnara, kreni ikaangukia majengo ya jirani. Watu 7 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mikanda iliyotumika ilikuwa 4 wakati mtengenezaji alielekeza 8, mmoja wake ulikuwa umechakaa tangu kabla ya siku ile, na kingo kali za chuma hazikuwekewa kitu cha kuukinga mkanda. Mkanda ule mchakavu haukufika kwenye kulabu wenyewe. Kuna mikono iliyouchukua badala ya kuukata.

Lakini sitaki lawama zote ziishie kwa mafundi. Riga akikata mkanda leo, na mpya ukaletwa baada ya siku tano huku fomeni anamsukuma amalize, mara ya pili hatakata. Atafumba macho. Stoo isiyo na slingi za akiba inawafundisha watu kunyamaza, na hilo ni kosa la anayesaini manunuzi. Bei ya mkanda ni ndogo mno ukiilinganisha na kitu chochote unachokinyanyua kwa mkanda huo.

Siku hizi natembea na kisu mfukoni. Nikikataa mkanda naondoa lebo, nakata vitanzi vyote viwili, kisha nakata katikati mara tatu. Zamani nilikuwa nakata mara moja tu katikati. Niliacha baada ya kuukuta mkanda niliokuwa nimeukata umefungwa fundo, uko kwenye kulabu, na mzigo umeshaanza kupanda.