Gego la utoto si la kung'olewa ovyo

Mwambie mzazi gego la utoto la mwanawe lizibwe, atakujibu: la nini, si litang'oka tu? Mtoto ana miaka 6, jino limetoboka, usiku halali wala halazi mtu. Ling'olewe, yaishe. Kung'oa mara nyingi ni nafuu kuliko kuziba, na mzazi anayehesabu mpaka nauli simlaumu. Ila deni la uamuzi huo huja kumwangukia mtoto akiwa darasa la sita au la saba.

Meno ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, mengine 12, na muda wote huo yanawashikia nafasi wenzao walio chini ya ufizi. Ling'oe mapema, gego la nyuma litaanza kusogea mbele kidogo kidogo hadi pengo lizibe. Jino la ukubwani likija, linakuta kiti kimekaliwa. Litaota upande, litapanda juu ya jirani, au litakwama humo humo kwenye taya.

Hilo gego la nyuma nalo linaonewa sana. Huota kwenye miaka 6, mwisho kabisa wa safu, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Basi wengi hudhani ni la utoto, na likioza nalo linang'olewa. Halioti jingine.

Sisemi kila jino lililokaa vibaya ni la kukimbizwa hospitali. Mwanya wa mbele, juu, kwa mtoto wa miaka 8 ni kawaida, na mara nyingi hupungua wenyewe meno ya chonge yakishuka (wengine tungeomba ubaki). Kidole nacho, mtoto akiacha kukinyonya kabla ya kuota meno ya ukubwani, meno yaliyosukumwa mbele mara nyingi hurudi.

Lakini kwa wanaochokonoa fizi za vichanga eti wanatoa "meno ya plastiki" sina subira. Kinachochimbwa pale ni chonge changa, na la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika kabla hata halijaota.

Kama gego la utoto halizibiki tena, muulize daktari, kabla hajashika sindano, habari ya kishika nafasi: pete ya chuma inayovishwa jino la jirani, yenye kitanzi cha waya kinachozuia pengo lisizibe. Wengi hawaambiwi kwa sababu hawakuuliza.